Askari Mstaafu na Barua ya Kazi ya Mafuta

Mpwa wangu alivua magwanda ya jeshi baada ya kutumikia miaka 12, akarejea kwao Garsen na sanduku la bati na hati ya kuagwa iliyopigwa muhuri. Baada ya miezi michache alinijia. "Shikamoo mjomba," alisema, kisha akanikabidhi karatasi mbili. Ilikuwa barua ya kuomba kazi katika kampuni ya mafuta. Alikuwa ameiandika kwa Kiswahili kwanza, apate kuzipanga fikira zake, kabla ya kuifasiri kwa Kiingereza kama zitakavyo kampuni hizo. Aliniomba nimsahihishie.

Sarufi yake haikuwa na dosari. Hata hivyo, kila nilipoisoma barua ile nilihisi kwamba mwandishi wake hayumo. Nikachukua kalamu, nikaanza kuhesabu vitenzi. Vilikuwa 14, na 11 kati yavyo vilikuwa katika kauli ya kutendwa: nilitumwa, niliamriwa, nilipewa, nilipangiwa, nilihamishwa. Kiambishi cha nafsi ya kwanza kilikuwapo kila mahali kama kiima, lakini hakikuwa mtenda hata mara moja. Jeshini hilo si kosa, kwa maana askari hufunzwa kwamba tendo ni la kikosi na amri ni ya mkubwa. Lakini mwajiri wa uraiani huuliza swali jingine kabisa: wewe mwenyewe unaweza kufanya nini?

Hakuwa mgeni wa maombi haya. Mara ya kwanza kontrakta mmoja alimwita, akaisoma hati yake, akaona neno "askari", akampa kirungu asimame langoni. Mimi simdharau bawabu, kwani kazi yake ni halali na ni ngumu. Lakini mtu huyu alikuwa ameendesha na kutengeneza tingatinga na jenereta kwa miaka 8. Siku ile jenereta ya kambi ilipozima, yeye alikuwa langoni akiandika nambari za magari, ilhali fundi alikuwa akisubiriwa kutoka mbali.

Si ajabu kwamba watu wa Tana River wana hamu na mafuta. Msako wa mafuta nchini ulianzia upande huu huu wa mashariki na pwani. Mwaka wa 1960 kampuni za Shell na BP zilichimba kisima cha Walu-1, na mnamo 1971 zikachimba kingine Kipini, pale Mto Tana unapokaribia bahari. Hakuna kilichotoa mafuta ya kufaa biashara. Wazee walibaki na simulizi, na vijana wakarithi matumaini. Ilipofika Machi 2012, mafuta yalipatikana mbali na kwetu, katika kisima cha Ngamia-1 huko Turkana. Kuanzia 2018 malori yaliyabeba kutoka Lokichar hadi Mombasa, na shehena ya kwanza, takriban mapipa 200,000, ikauzwa ng'ambo Agosti 2019. Mwaka wa 2020 malori yale yakasimama.

Historia hiyo fupi inatufunza jambo moja. Katika sekta hii, wanaoshika mtambo wenyewe wa kuchimba ni wachache, na kazi yao huisha kisima kinapokamilika. Walio wengi ni madereva, mafundi wa injini, wachomeleaji, waendeshaji wa kreni, wapishi, watunza stoo na wahudumu wa huduma ya kwanza. Je, hao si ndio walewale waliojaa kambini? Askari amezoea kulala porini, kufanya kazi zamu ya usiku, kukagua gari kabla ya kuliwasha, na kutolipuuza agizo la usalama hata likiwa la kuchosha. Penye gesi na mafuta, mazoea hayo huokoa roho za watu.

Hata hivyo mazoea pekee hayatoshi. Sheria ya Petroli ya mwaka wa 2019 inazitaka kampuni ziwape Wakenya kipaumbele katika ajira, lakini mwajiri hasomi moyo wa mtu, husoma vyeti. Kwa hiyo nilimshauri mpwa wangu afanye mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, ili ujuzi alioupata kambini uwe na jina linalotambulika uraiani. Kadhalika nilimweleza habari za chuo cha mafuta na gesi cha Morendat, karibu na Naivasha, ambacho ni cha Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya.

Kisha tukaketi chini ya mwembe tukaiandika barua upya. "Nilipewa tingatinga" ikawa "niliendesha tingatinga". "Nilipangiwa karakana" ikawa "nilitengeneza injini za dizeli na mifumo ya haidroliki, na nikawafunza vijana sita kazi hiyo". Alisita. "Mjomba, huku si kujisifu?" Nikamjibu kwamba kujisifu ni kudai usilolitenda.

Mtihani wa ufundi ameupita. Jibu la kampuni bado halijafika, na kwa sasa anatengeneza matrekta ya wakulima wa mpunga. Hayuko langoni tena.

Nawaomba wakuu wa jeshi: hati ya kumuaga askari itaje kazi aliyoijua, isiishie kwenye cheo na tarehe tu. Nanyi walimu wenzangu, tumezoea kufundisha kauli ya kutendwa kwa kugeuza sentensi ubaoni: mtoto alikula embe, embe lililiwa na mtoto. Mwanafunzi hupata alama zake akaenda zake. Tumwongezee swali moja: katika maisha yako, ni vitenzi vipi ambavyo wewe ndiwe mtenda? Atakayeweza kulijibu akiwa darasani hatababaika siku atakapoketi mbele ya mwajiri.