Ungo wa Kwanza Ubaki Nyumbani

Mama anayesuka mikeka Liuli, anayeanika dagaa Mbamba Bay au anayelima maharage milimani Mbinga hana haja ya kufundishwa kazi. Kazi anaijua tangu utotoni. Lakini akienda sokoni peke yake, mchuuzi ndiye anayepanga bei. Ndiyo sababu akina mama huungana katika vikundi: wakusanye mzigo pamoja, wakodi gari pamoja, waseme bei moja. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, kabla ya kufunga gunia, kila kikundi kijiulize: je, nyumbani kumebaki nini?

Mkoa wetu wa Ruvuma huvuna mahindi ya kulisha hata mikoa mingine, na Ziwa Nyasa lina samaki. Lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa huu watoto wapatao 35 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa 30. Kudumaa si ufupi wa kurithi. Ni dalili kwamba mwili na akili ya mtoto vimekosa vya kujengea, hasa tangu mimba hadi miaka 2.

Sisi wauguzi hukutana na watoto hao kliniki. Tumbo limeshiba ugali wa muhogo, lakini dagaa wamekwenda Songea. Mama yao si mvivu, wala upendo haujapungua. Ameuza chakula cha kujenga mwili akabaki na cha kushibisha, na fedha zimeishia kwenye sare za shule, sabuni na madeni.

Mfano wa Kindimba

Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, chakula kikiletwa kutoka nyumba mbalimbali, na hapo mambo ya ukoo yalijadiliwa. Katika kijiji cha Kindimba, wilayani Mbinga, jina hilo lilipata kazi mpya wakati wa mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na shirika la JICA la Japani, ulioanza mwaka 1999. Wanakijiji waliunda kamati ya Sengu, wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Vikundi vikafuata: vya mabwawa ya samaki, vya nyuki, vya miti. Tujifunze hapo. Mashine humpunguzia mama mzigo, na bwawa linaweza kulisha jiko kabla ya kulisha soko.

Mambo manne ya kukubaliana

Kwanza, fungu la nyumbani. Kila mwanachama atenge ungo wa kwanza wa dagaa, au sado ya maharage, kabla mzigo haujapimwa. Dagaa wakavu, waliosafishwa vizuri na kutwangwa wakawa unga laini, waongezwe katika uji mzito wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Maziwa ya mama yaendelee.

Pili, mkeka, kikapu na ungo ndivyo vitangulie sokoni. Hivyo haviliwi, na mtoto halali njaa kwa sababu mkeka umeuzwa. Bei yake ihesabu ukindu, rangi, nauli na siku zote za kusuka.

Tatu, dagaa waanikwe juu ya vichanja, si mchangani. Wa kuuza watavutia wanunuzi, na wa kula watakuwa safi.

Nne, sanduku la fedha liwe na kufuli tatu, na funguo zishikwe na wanachama watatu tofauti. Hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, hata asiyejua kusoma aielewe.

Baba naye ashirikishwe mapema. Fungu la nyumbani halitasimama iwapo yeye anaona ni fedha zilizopotea. Mweleze kwamba ungo huo unajenga akili ya mtoto atakayekwenda shule.

Mithali 31 inamsifu mwanamke auzaye nguo na mishipi. Lakini kabla ya kutaja biashara yake, sura hiyo inamwonyesha akiwagawia chakula watu wa nyumbani mwake. Mama mwenzangu, katika mkutano ujao wa kikundi chenu, kabla fedha hazijahesabiwa, kila mmoja aseme wanawe wamekula nini wiki hiyo. Majibu hayo nayo yaandikwe katika daftari.