Damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe

Kwa miaka mingi, mama akijifungua, mkunga amekuwa akikisia kwa macho damu iliyomtoka. Macho hukosea. Damu iliyonyonywa na khanga na shuka huonekana kidogo, na mama aliyekwishapita mililita 500, kiwango ambacho kwa kawaida ni dalili ya hatari, huonekana yuko salama mpaka shinikizo la damu linaposhuka.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, katika hospitali 80, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Haukuleta dawa mpya. Chini ya mama uliwekwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na damu ikizidi, tiba zote zilitolewa kwa pamoja badala ya kujaribu moja na kusubiri: kukanda tumbo la uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, kumkagua mama na kuita msaada mapema. Wanawake waliopoteza lita moja au zaidi, waliopasuliwa tumbo au waliofariki kwa kuvuja damu walipungua kwa asilimia 60. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likapendekeza utaratibu huu.

Kinachoniuma ni takwimu za upande wa pili. Katika hospitali zilizoendelea na huduma ya kawaida, karibu nusu ya waliovuja damu hawakugunduliwa, na ni asilimia 19 tu waliopata tiba hizo zote. Na asidi ya traneksamiki ilikwisha kuthibitishwa tangu 2017, kwa utafiti wa wanawake 20,000, kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa takriban theluthi moja. Elimu ilikuwapo, haikufika leba.

Wizara ya afya inaweza kuuandikia utaratibu huu mwongozo, lakini mwongozo haununui dawa wala mfuko. Mfuko usipoingia kwenye orodha ya vifaa vinavyoagizwa na bohari ya dawa, muuguzi mkuu hana pa kuuombea. Na wanaopanga orodha hiyo mara nyingi hawajui analojua mkunga wa zamu ya usiku: oksitosini huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na umeme hukatika.

Kwa hiyo, wanaoandaa bajeti za afya za wilaya na kaunti waandike mfuko huo na dawa zake kwa majina, na mkunga akae nao mezani siku ya kuandika.