Jukwaa la Nani? Historia ya Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo

Watu wa Nyaramba tunaoishi ng'ambo tukirudi nyumbani Desemba, wengi hupitia Nairobi kabla ya kupanda gari la Nyamira. Safari hii, ukiwa na watoto, wapeleke Barabara ya Harry Thuku. Upande mmoja kuna hoteli ya Norfolk, na mkabala wake Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo. Haya ndiyo ya kuwasimulia.

Mwanzo wake

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya mwaka 1951. Ukumbi ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa ili kupambana na Mau Mau. Mtaa wenyewe ulikuwa umeshaona damu. Machi 1922, umati uliokuja kudai mwanasiasa Harry Thuku, aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe ulimiminiwa risasi karibu na hapo, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Miaka 30 baadaye pakajengwa ukumbi ulioitwa wa taifa, lakini kwa muda mrefu jukwaa lilikuwa la Wazungu na michezo yao.

Mwaka 1976

Uhuru ulikuja 1963, ila ratiba ya ukumbi haikubadilika haraka. Oktoba 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walikuwa na mchezo wao kuhusu kiongozi wa Mau Mau, *The Trial of Dedan Kimathi*. Francis Imbuga naye alikuwa na *Betrayal in the City*. Michezo hiyo miwili ndiyo iliyoteuliwa kuiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, Lagos, 1977. Hata hivyo ilipewa siku chache tu ukumbini, kwa kuwa maonyesho ya kigeni yalikuwa yameshika nafasi. Watu walifurika. Mchezo wa Kimathi ulipokwisha, watazamaji walitoka wakiimba na kucheza hadi barabarani.

Mwaka uliofuata Ngũgĩ alikuwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, akiandaa mchezo kwa Kikuyu pamoja na wakulima na wafanyakazi. Serikali iliupiga marufuku, na tarehe 31 Desemba 1977 akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Ukarabati

Jengo lilichakaa, na wasanii wakalalamika kwa miaka. Hatimaye lilikarabatiwa kwa ufadhili wa Kenya Breweries, na Rais Uhuru Kenyatta akalifungua upya Septemba 2015. Ilikuwa kazi njema na iliyochelewa. Lakini yaliyotokea 1976 hayakusababishwa na viti vibovu wala taa mbovu. Yalisababishwa na ratiba. Ukumbi ni wa taifa pale tu kikundi cha vijana kisicho na mfadhili kinapoweza kupata siku ya kuigiza na kumudu kodi yake.

Hilo linatuhusu sisi Abagusii. Tamasha la maigizo la shule, lililoanza 1959, limefundisha vizazi vya watoto wa vijijini kusimama mbele ya watu, wakiwemo wa kwetu. Wakimaliza shule, wengi hawana tena pa kuigizia karibu na nyumbani.

Kwa hiyo, ukipita Nairobi, nunua tiketi uingie utazame. Kisha wapigie simu ndugu zako nyumbani: kaunti ya Nyamira ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, waende wakadai ukumbi wa maigizo, na wadai pia uwe na ada ambayo kijana wa Nyaramba anaimudu.