Si Kifundo, Ni Kiatu

Kila Septemba, kumbi za barafu zinapojaa kwa msimu mpya hapa Kanada, swali huwa lile lile: "Kocha, mwanangu ana vifundo dhaifu vya miguu. Nimfunge nini?" Huuliza baba aliyekulia Lubumbashi, huuliza mama aliyekulia Tanga, na siku hizi wengine huuliza hata kabla mtoto hajakanyaga barafu. Wapo wanaoongeza, kwa sauti ya chini, kwamba labda miguu ya sisi watu wa joto haikuumbwa kwa mchezo huu. Nimelijibu swali hili ana kwa ana mara nyingi mno. Sasa naliandika jibu, ili mzazi alipate kabla hajatoa pesa.

Mtoto anayekimbia, anayeruka kamba na anayeweza kusimama kwa mguu mmoja huku akihesabu hadi tano ana vifundo vinavyomtosha kuanza hoki ya barafu. Miguu inayolalia ndani anaposimama kwenye barafu haikuambii lolote kuhusu misuli yake. Inakuambia kwamba kiatu ni kikubwa, au kimefungwa vibaya, au kimechakaa.

Sababu yake ni hii. Chuma cha chini ya kiatu cha hoki kina unene wa takribani milimita 3. Katikati kimechongwa mfereji mwembamba, hivyo kila chuma kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na mtoto hubebwa na makali hayo tu. Kisigino kikishikwa barabara, mguu na kiatu huenda pamoja na kifundo hakipati kazi ya ziada. Kiatu kikiwa kikubwa, kisigino huinuka, mguu hutelezea humo humo ndani, uzito huangukia upande mmoja, na kiatu kizima hulala. Mvishe mchezaji wa NHL, ligi kuu ya hoki, kiatu kilichomzidi namba mbili, vifundo vyake navyo vitalala.

Viatu hivyo vikubwa najua vinatoka wapi. Wengi wetu tumelelewa na wazazi walionunua sare na viatu vya shule vyenye nafasi, ili vifike mwaka wa pili. Kwa viatu vya shule ilikuwa busara. Kwenye barafu busara hiyo inamnyima mtoto mchezo wenyewe. Isitoshe, namba za viatu vya hoki haziendi sawa na za raba: kwa kawaida mtoto huvaa namba moja hadi moja na nusu chini ya ile ya raba zake. Mzazi anayenunua kwa namba ya raba ameshamzidishia mtoto, kisha anaongeza tena namba nzima ya kukulia. Nafasi ya kukulia isizidi nusu namba. Basi.

Msimu uliopita mama mmoja alimleta binti wa miaka sita akiwa amemvisha vibana vifundo vya mpira, juu yake soksi mbili za sufu, na juu ya kiatu utepe wa plasta. Mtoto alikuwa analia. Nikaomba vivuliwe vyote. Nikalegeza kamba mpaka chini kabisa, nikamwambia binti asukume mguu mbele hadi vidole vyake viguse ncha ya kiatu, kisha nikaingiza vidole vyangu nyuma ya kisigino. Viliingia viwili na nafasi ikabaki. Kinachotakiwa ni kidole kimoja, tena kwa kubana. Tukamtafutia viatu vya kuazima vilivyopungua namba mbili, soksi moja nyembamba, na akasimama wima kwenye zulia la mpira, vifundo vimenyooka. Misuli yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kiatu.

Mama yule alikuwa ametumia pesa nyingi kwenye tiba zisizotibu, kwa hiyo nizipitie moja moja.

Vibana vifundo. Kiatu cha hoki chenyewe tayari ni kibana kifundo. Ndiyo maana kimetengenezwa kigumu na kirefu. Ukiongeza kingine ndani, unamwekea mtoto mishono na mikunjo inayomchubua, halafu unalazimika kununua kiatu kikubwa zaidi ili kiingie. Umerudi kwenye tatizo lile lile.

Soksi mbili. Hujikunja na kuleta malengelenge. Wala hazileti joto: mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha, na mguu usiopata damu hupoa. Soksi moja nyembamba, kavu, iliyovutwa vizuri, inatosha.

Kuzungusha kamba kifundoni. Wazazi wengi huifanya kwa nia njema, lakini inaharibu kiatu na kumzuia mtoto kukunja goti mbele. Bila kukunja goti hakuna kuteleza. Kuna kusimama kama mwiko na kuanguka chali.

Viatu vya vyuma viwili viwili. Kwa mtoto mdogo kabisa anayecheza na wazazi siku ya Jumapili, havina ubaya. Kama dawa ya kifundo, havifai kitu. Kuteleza ni kujifunza kuegemea makali, na kiatu chenye vyuma viwili kinakataa kuegemea. Mtoto atatembea juu ya barafu msimu mzima, na siku akivaa kiatu cha kweli ataanza upya.

Miezi ya mazoezi ya mpira wa kuvuta kabla ya kuanza. Mazoezi ni mazuri kwa mwili wowote. Kumwahirisha mtoto msimu mzima kwa ajili yake ni kumnyima mazoezi anayoyahitaji zaidi, yaani kuteleza kwenyewe.

Na nyayo bapa? Watoto wengi wadogo wana nyayo bapa, na upinde wa wayo huendelea kujijenga kwa miaka. Si sababu ya kumzuia. Mtoto wa kumpeleka kwa daktari ni yule anayeumia hata akiwa pekupeku, anayechechemea, au anayeteguka mara kwa mara akicheza kawaida. Huyo ana tatizo la mguu, naye anahitaji daktari, si duka.

Ama hilo la "watu wa joto", naomba likome. Nairobi, karibu kabisa na ikweta, ilipata uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari mwaka 2005. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa huku Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, IIHF. Jarome Iginla, ambaye baba yake alitoka Nigeria, alijifunza mchezo huu Alberta, akafunga mabao 625 katika NHL. Mtoto akisikia mzazi wake mwenyewe akisema miguu yao haifai, ataamini, na hilo litamwangusha kuliko barafu.

Sasa ya kufanya, haraka haraka.

Kuvaa: legeza kamba zote, ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni ili kikae nyuma, kaza sana sehemu ya katikati juu ya mgongo wa mguu, wastani kwenye vidole, na juu acha goti lipate kukunjika. Akisimama wima vidole viguse ncha kidogo. Akikunja magoti virudi nyuma.

Kunoa: viatu vipya mara nyingi hutoka dukani bila kunolewa. Uliza. Usimruhusu kutembea kwenye saruji bila vifuniko vya kukinga chuma.

Mitumba: inafaa sana, kwani miguu ya watoto hukua kabla viatu havijaisha. Bonyeza kwa mkono pande za kiatu penye kifundo. Zikilala kama kitambaa, achana navyo. Helmeti yenye ufa usiichukue hata ya bure.

Kinga: helmeti ya hoki yenye wavu wa uso na alama ya usalama ya CSA. Ya baiskeli haikubaliki. Kikinga shingo ni lazima kwa watoto wa Hockey Canada. Gongo lifike kidevuni mtoto akiwa amevaa viatu vya barafu.

Pa kuanzia: kama hajawahi kuteleza, madarasa ya CanSkate ya Skate Canada. Kama ana miaka 6 hadi 10 na hajawahi kusajiliwa kwenye hoki, tafuta mpango wa The First Shift, ambako hupewa vifaa kuanzia kichwani hadi miguuni pamoja na mafunzo. Chini ya miaka 7 watoto huchezea sehemu ya uwanja, si uwanja mzima, na tangu 2013 Hockey Canada imekataza kugongana kwa makusudi hadi mtoto avuke miaka 12. Kwa hiyo hofu ya kuvunjwa isikuzuie kumwanzisha.

Ada: ombeni msaada bila haya. Mashirika ya KidSport na Jumpstart yapo kwa ajili ya familia zisizomudu. Peleka maombi mapema, kwa sababu usajili huanza miezi kadhaa kabla ya msimu.

Na mpeleke mtoto mwenyewe dukani. Kiatu cha barafu hakinunuliwi kwa kukadiria wala kwa kumtuma shangazi. Hununuliwa mguu ukiwa ndani yake na kidole chako kikiwa nyuma ya kisigino.