Ushauri wa jirani waweza kumdhuru mtoto

MTOTO akiungua kwa chai katika ploti zetu za mijini, majirani hufika kabla ya mama kujua la kufanya. Mmoja ameshika dawa ya meno, mwingine unga wa ngano, na wa tatu anaagiza yai livunjwe upesi. Wote wana nia njema, lakini hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachotibu.

Kushauriana ni desturi yetu, na mara nyingi husaidia. Ni jirani anayemkumbusha mama siku ya chanjo au kumpeleka hospitali usiku. Tatizo ni pale mtu anapotoa ushauri kwa sababu tu aliwahi kuusikia kwa mwingine. Hebu tutazame mifano mitatu.

Kwanza, kuungua. Unga, yai na dawa ya meno huweza kuingiza viini kwenye kidonda, na daktari hulazimika kuviondoa huku mgonjwa akiumia zaidi. Linalofaa ni kumwagia sehemu hiyo maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usitumie barafu. Vua nguo na bangili, isipokuwa kilichogandamana na ngozi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi na umpeleke mtoto hospitali.

Pili, mafuta taa. Mtoto akiyanywa kutoka kwa chupa ya soda, wengi husema apewe maziwa na atapishwe. Ushauri huu ni hatari. Madhara makubwa ya mafuta taa huwa mapafuni, wala si tumboni. Mtoto akitapika, mafuta huweza kuingia katika njia ya hewa na kusababisha nimonia. Usimtapishe wala kumnywesha chochote. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi na kumkimbiza hospitali hata kama anaonekana mzima, kwani shida ya kupumua yaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Tatu, kuhara. Kuna wanaoshauri mtoto anyimwe maji ili tumbo "lifunge". Ukweli ni kwamba mtoto anayehara huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Aendelee kunyonya na kula. Mpe ORS, ukiichanganya na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Kliniki pia humpa tembe za zinki za siku 10 hadi 14, nazo zimalizwe hata kuhara kukikoma. Ukiona macho yamedidimia, hawezi kunywa, amelegea au choo kina damu, usingoje asubuhi.

Vivyo hivyo, usikubali dawa iliyobaki kwa jirani eti kwa kuwa ilimponya mwanawe. Kipimo cha dawa ya mtoto hutegemea uzito wake, na homa mbili zinazofanana zaweza kuwa maradhi tofauti kabisa.

Je, tuache kushauriana? La. Jirani akikupa shauri, msikilize, kisha umuulize alilipata wapi. Akisema ni kwa muuguzi au daktari, bado thibitisha kliniki. Nawe ukiitwa mtoto wa mwenzako anapougua na hujui la kufanya, shauri lako bora ni kumwambia mama twende hospitali, umsaidie nauli na ubaki na watoto wengine.