Kondoa 1916: Miezi Miwili Iliyogeuza Vita

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Arusha, ukazipita Mayamaya na Haneti, unaingia Kondoa baada ya kilomita zipatazo 150. Abiria wengi hushuka kunyoosha miguu, wakanywa chai, safari ikaendelea kuelekea Babati. Wanaokaa zaidi ni wale waliokuja kuona michoro ya miambani kule Kolo. Mimi nimefundisha historia katika shule za sekondari za mkoa huu maisha yangu yote ya kazi, na kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu kwamba Vita Kuu ya Kwanza, kwa upande wetu huu wa Afrika, iligeukia Kondoa.

Machi 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, yalikuwa yameshawaondoa Wajerumani Taveta, Moshi na Kahe. Masika yakaingia. Smuts hakutaka kukaa akingoja ardhi ikauke. Alimtuma Jenerali Jacob van Deventer na divisheni yake washuke kutoka Arusha hadi nyanda za kati, shabaha ikiwa Reli ya Kati. Reli hiyo ilikuwa imefika Kigoma miaka miwili tu kabla, mwaka 1914, na ndiyo iliyokuwa ikisafirisha askari, risasi na chakula cha Wajerumani kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Atakayeikata atakuwa ameigawa nchi.

Van Deventer aliondoka Arusha mwanzoni mwa Aprili. Kwanza aliteka kilima cha Lolkisale, kwa kuwa maji ya eneo lile yalikuwa pale. Akapita Ufiome, jirani na Babati ya leo, na tarehe 19 Aprili akaingia Kondoa, ambayo siku hizo iliandikwa Kondoa Irangi. Alikuwa ameshinda, lakini hali ya jeshi lake ilikuwa mbaya. Farasi walikuwa wamekufa njiani kwa mamia, kwa mbung'o na kwa maradhi, na wapanda farasi 1,200 hivi walioanza safari walikuwa wamebaki kama 600 wenye uwezo wa kupigana. Nyuma yao mvua ilikuwa imeigeuza njia yote kuwa tope, na malori hayakupita.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliiona nafasi hiyo. Hapa palikuwa na divisheni nzima iliyojitenga na wenzake, yenye njaa na wagonjwa wengi. Aliacha sehemu ya jeshi lake kaskazini imzuie Smuts, akawaleta wengine kwa miguu na kwa treni hadi Dodoma, wakati huo kituo cha reli chenye nyumba chache. Kutoka hapo alipanda nao kuelekea Kondoa, askari kama 4,000. Alikuja pia na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga ya meli ile ilikuwa imeopolewa na kuwekewa magurudumu. Mzinga wa namna hiyo huvutwa kwa kamba na mamia ya watu, hatua kwa hatua, na mbele yao wengine wanakata miti na kujaza mawe kwenye makorongo. Kila ninapopita milima ya Chenene, kaskazini mwa Dodoma, huwafikiria watu hao kuliko ninavyomfikiria jenerali yeyote.

Usiku wa tarehe 9 Mei mashambulizi yakaanza, yapata saa moja na nusu. Askari wa Lettow walipanda vilima vya kusini-mashariki mwa mji, ambako askari wa miguu wa Afrika Kusini walikuwa wamechimba mahandaki. Walipanda mara nne, na mara nne wakarudishwa. Milio ilinyamaza baada ya saa tisa usiku. Waliolala chini ya miteremko ile wengi wao walikuwa watu wa nchi hii hii, maana jeshi la Wajerumani lilijaa Wanyamwezi, Wasukuma na vijana wa makabila mengine mengi.

Kwa nini walishindwa? Van Deventer alikuwa juu na kwenye mahandaki. Wao walipanda gizani wakielekea risasi. Lettow hakuwa na watu wa kupoteza, kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari na hakuna askari wala bunduki iliyofika kirahisi kutoka Ujerumani. Baada ya usiku ule hakuthubutu kushambulia kwa nguvu zake zote tena. Alibaki vilimani akiupiga mji kwa mizinga, Mei yote na karibu Juni yote.

Miezi hiyohiyo, Wafaransa na Wajerumani walikuwa wakiuana kuugombea mji wa Verdun, na dunia inaikumbuka Verdun hadi leo. Kondoa ilikuwa ndogo mno mbele ya ile. Ila ugumu wake ulikuwa wa namna nyingine: huku tumbo na homa viliua kuliko risasi. Chakula cha divisheni kiliokotwa vijijini, na kingine kikabebwa vichwani na wapagazi kutoka Lolkisale, karibu kilomita 190 za matope. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao walipita 90,000.

Lettow alipokuwa amekwama Kondoa, Smuts alianza mwishoni mwa Mei kuteremka kando ya Mto Pangani. Sasa Mjerumani alikuwa na hatari mgongoni, na mwishoni mwa Juni akaondoka vilimani na kurudi kuelekea Morogoro. Julai van Deventer akasonga mbele. Wajerumani walijaribu kumzuia Haneti na Chenene bila mafanikio, na tarehe 29 Julai Dodoma ikaanguka. Morogoro ikafuata tarehe 26 Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Reli yote ikawa imepotea. Wapo wanaomsifu Lettow kwa sababu hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918, kule Abercorn, Mbala ya leo katika Zambia. Kwa maoni yangu koloni lake lilikwisha Kondoa. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kukimbia na kuwakokota watu wengine mautini.

Na Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, ndio uliolipa. Wajerumani walipoondoka walichukua ng'ombe na nafaka. Waingereza walipoingia nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mashamba ya uwele na mtama yakakosa mikono, kisha mvua ikakataa. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, wazee wetu waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu kama 150,000, walikufa 30,000. Ndani ya miaka hiyo pia ukapita ugonjwa wa mafua ulioenea duniani kote. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtoto wakati huo. Alipokuwa akisimulia hakumtaja Smuts wala Lettow. Alitaja mizizi waliyochimba porini, na watoto waliopelekwa kwa jamaa wa mbali wenye chakula, ambao baadhi yao hawakurudi tena.

Wanafunzi wangu huijua Mtunya kutoka nyumbani, na Kondoa huisikia darasani, kama vile ni mambo mawili tofauti. Ndiyo maana kila likizo huwapa kazi moja wale wanaotoka Haneti, Chenene, Mayamaya na vijiji vya Kondoa: wawaulize babu na bibi zao mzinga ule ulipita wapi, ghala la nani lilifunguliwa, ng'ombe wa nani waliswagwa. Majibu huja kwenye madaftari, mengine yakipingana. Nayahifadhi yote, na kama wewe msomaji una mzee wa huko kwenu, muulize mwezi huu.