Joto la Bahari na Mvua Inayofika Likawage

Kata ya Likawage haina ufukwe. Habari za bahari husikika huko kama mambo ya watu wa Kilwa Masoko, Kivinje na Somanga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mvua inayoamua mavuno ya ufuta na mahindi huanza safari yake baharini, na joto la uso wa Bahari ya Hindi lina nafasi kubwa katika kuamua wingi wake na mahali itakapoangukia.

Jua hupasha maji ya juu ya bahari, na maji yaliyopata joto huipa hewa mvuke mwingi zaidi. Hewa hiyo huwa nyepesi, hupanda, na kule juu mvuke hupoa ukawa mawingu. Inapopanda huacha nafasi chini yake, na upepo kutoka sehemu zenye bahari baridi zaidi huvuma kuijaza. Hivyo, mahali palipo na maji ya joto kuliko kwingine ndipo mawingu hukusanyika, na joto hilo likihama, mvua nayo huhama.

Kimbunga cha baharini ni mwenendo huohuo uliozidi nguvu. Ili kizaliwe, maji yanapaswa kufikia nyuzi joto zipatazo 26.5 za Selsiasi, na joto hilo lishuke hadi kina cha makumi ya mita. Mzunguko wa dunia ndio huipa hewa ile mzingo wake. Karibu sana na Ikweta msukumo huo ni dhaifu, na kwa kuwa pwani yetu iko jirani na Ikweta, vimbunga vingi hupita kusini, kuelekea Madagaska na Msumbiji. Lakini joto la bahari halichagui njia ya kimbunga peke yake. Njia huongozwa na pepo za tabaka za juu, ilhali bahari huamua kama kitapata nguvu njiani au kitafifia.

Kuongozwa huko hubadilika kwa urahisi. Aprili 1952 kimbunga kilipiga pwani ya Lindi. Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari kwa mikoa ya kusini kuhusu Kimbunga Kenneth, kilichokuwa kimepata nguvu haraka juu ya maji ya joto kaskazini mwa Madagaska. Kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na kuua watu zaidi ya 40 nchini Msumbiji. Wapo waliosema baadaye kwamba tahadhari ile ilikuwa ya bure. Mtazamo huo ni wa hatari, kwani kwa kimbunga kilichosafiri mamia ya kilomita, umbali kati ya Cabo Delgado na Mtwara ni mchepuko mdogo tu.

Mei 2024 mchepuko ulikuwa kwetu. Kimbunga Hidaya kilikuja baada ya Aprili, mwezi ambao kwa kawaida hufunga msimu wa vimbunga. Kilipokaribia Kisiwa cha Mafia kilikuwa kimeanza kuishiwa nguvu, na upepo wake ukapungua. Maji hayakupungua. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika katika eneo la Somanga, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Kimbunga kikifika nchi kavu hukosa mvuke wa bahari unaokilisha, hivyo upepo hutulia mapema. Mvuke ambao tayari kimebeba huendelea kudondoka hadi maeneo ya bara.

Mvua kubwa pia huja bila kimbunga. Mwishoni mwa 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa ya joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yalipoa. Mawingu yakaegemea huku. Australia ilikauka na kuungua, Afrika Mashariki ikapata mvua nyingi, na Januari 2020 mafuriko yalikumba Wilaya ya Kilwa, yakaua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Joto la bahari pekee halitoshi kueleza mafuriko yale, kwa kuwa athari za tofauti hiyo huonekana zaidi kaskazini mwa nchi kuliko kusini. Lakini ni kwa sababu hiyo El Nino, ambayo ni joto la Bahari ya Pasifiki, haitoshi kutabiri mvua yetu: ile ya 1997 iliambatana na joto upande wetu wa Bahari ya Hindi na kuleta gharika, ilhali ile ya 2015 haikufikia kiasi hicho.

TMA hutoa kila siku utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano, unaosomwa pia redioni. Taarifa ikitaja mkoa wa Lindi, Likawage imo, hata kama habari inazungumzia bahari. Siku tano zinatosha kuondoa ufuta uliokatwa shambani kabla haujalowa na kupoteza rangi, kuhamisha vyakula vilivyo bondeni, na kumpeleka mjamzito aliyekaribia kujifungua karibu na kituo cha afya kabla mito haijajaa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kamati za maafa zipo hadi ngazi ya kijiji. Mkazi anayeona maji yakipanda kivukoni aitaarifu kamati kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kijiji mapema, kabla watoto hawajatoka shuleni.